Mbung'o Juu ya Kaniki

Kuna siku moja haijatoka kichwani mwangu, mwanangu Faustini, na haitatoka. Ni siku tuliyokwenda kutembea mitaani jioni, mimi na Senge na mdogo wangu Leokadia, wewe ukiwa mgongoni kwa Leokadia, tukamwona mdudu mmoja ametulia juu ya kaniki uliyobebewa.

Nilipanga kukueleza habari hizi ukishaota ndevu. Lakini jana umerudi nyumbani shavu moja limevimba, unalia bila sauti, na nilipokuuliza ukasema, "Nilimwambia Mama Sospeter kuna mbung'o mgongoni kwa mtoto, akanizaba kofi. Amesema namwombea mtoto wake kifo." Basi nimeona ndevu zako ziko mbali mno. Nakueleza sasa. Usipoyaelewa yote, nitakusomea tena mwakani, na mwaka utakaofuata.

Kwa Mama Sospeter nimeshakwenda. Niliyomwambia hayaandikiki. Tuendelee.

Wakati ule ulikuwa hujatimiza mwaka. Baba yako alikuwa amechukuliwa na mgambo kwenda vitani, na mimi sikutaka kukaa peke yangu na kichanga, nikarudi kwa Senge. Senge ni shangazi yangu, dada wa babu yako, mzaliwa wa Kanazi kule Ngara, aliyeletwa kuolewa huku Biharamulo, upande wa Nyabusozi, angali msichana. Ndiye aliyetulea mimi na Leokadia baada ya wazazi wetu kufariki. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Leokadia alikuwa binti mdogo tu, wa kucheka kwa kila kitu, hata kuku akiteleza kwenye matope.

Kijiji chenyewe kilikuwa bado kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye migomba yao, kila mmoja kilimani kwake, wakapangwa kwenye mistari, nyumba inatazamana na nyumba, kama mji. Hata mitaa ilipewa majina. Sisi tulikaa Mtaa wa Zahanati. Zahanati yenyewe haikuwapo. Ilisemekana inakuja, jina likatangulia, na mpaka leo jina bado linaisubiri. Senge alipaita "mjini kwetu", wala hakuwa akitabasamu.

Kila jioni tulipotoka shamba la kijiji, Senge alikuwa na desturi ya kuizunguka mitaa yote, kuanzia mlangoni kwetu mpaka nyumba ya mwisho inayopakana na pori, kuangalia nani amehamia. Hakuwa na maana ya watu. Alimaanisha wadudu, ndege, mijusi, kila chenye uhai. Alisema kule kilimani kwake alimjua hata chura wa nyuma ya choo, ila hapa tumemwagwa tu, kwa hiyo ni lazima tujue tumemwagwa katikati ya nani. Mimi na Leokadia tukafuatana naye. Mwanzoni nilikwenda kwa kumstahi, baadaye nikawa nauona mchana mrefu kwa kuisubiri jioni.

Tuliona mengi. Siafu wakivuka Mtaa wa Kwanza, tukisimama kuwapisha kama tulivyoyapisha malori ya jeshi. Kereng'ende juu ya dimbwi la kisimani. Vinyonga, majongoo, nyigu waliojenga chini ya ubao wa ofisi ya kijiji ambao hakuna katibu aliyethubutu kuwagusa. Mimi nikihesabu miguu na sehemu za mwili kama tulivyofundishwa shuleni, Senge akitaja jina la Kihangaza na kama analiwa. Siku moja tulimkuta vunjajungu kwenye uzio wa mwenyekiti wa kijiji, amekunja mikono kifuani.

"Huyo ndiye peke yake anayesali katika nyumba ile," Leokadia akasema.

Senge akamfinya, huku mabega yake mwenyewe yanatikisika kwa kicheko.

Kisha vita ikapamba moto. Sisi hatukuangukiwa na bomu hata moja, nakwambia kweli tupu. Lakini tulisikia yaliyowapata wenzetu wa ng'ambo ya mto Kagera, na hofu ikaingia kila nyumba. Taa zikakatazwa usiku. Mwaka ule hata senene hatukuwavuta kwa karabai. Ndipo mwenyekiti akatoa amri yake. Ringi ya lori iliyotundikwa pale ofisini ikigongwa, kila mtu akimbilie kichakani, bondeni kwenye kijito, alale chini mpaka igongwe tena. Na nguo nyeupe marufuku, na khanga za rangi kali marufuku. Wanawake wote wavae kaniki nyeusi na watoto wabebwe kwa kaniki, ili rubani wa adui akitazama chini asione kitu.

Ilionekana ni akili. Hata mimi niliona ni akili. Ringi iligongwa kwa ndege ya misheni, ikagongwa kwa radi, siku moja ikagongwa kwa sababu mgambo wa zamu alisinzia akaota. Kila ilipogongwa, Leokadia alikuwa wa kwanza kukunyakua na kukimbia nawe bondeni, maana miguu yake ilikuwa myepesi, na mimi nilibaki nyuma nikimshika Senge mkono. Kichaka kilikuwa kizito, chenye ubaridi na kivuli kizuri. Kuna siku tulilala mle tangu asubuhi mpaka jua likapinda.

Sasa jioni ile ninayokwambia, tulikuwa tumefika nyumba ya mwisho. Leokadia alitangulia, wewe umelala mgongoni kwake. Senge akasimama ghafla.

"Leokadia. Usitikisike."

"Nyoka?"

"Bora angekuwa nyoka."

Akanyoosha mkono polepole, akambana yule mdudu kwa vidole viwili kutoka juu ya kaniki, pale hasa ulipokaa mguu wako. Akatuonyesha. Wa rangi ya kahawia, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, mabawa yamelaliana moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Mimi nilimjua kutoka kitabuni. Senge alimjua kutoka kwa mama mkwe wake.

"Mbung'o," tukasema kwa pamoja.

Senge akakaa kwenye kisiki. "Mnadhani bonde zuri namna ile, lenye maji mwaka mzima, lilikaa bila watu kwa nini? Nilipoletwa hapa bibi harusi, mama mkwe alinikataza kuchanja kuni kule. Aliniambia wakati wa Wazungu watu wote wa bondeni waliondolewa kwa ajili ya malale. Waliokataa kuondoka walishikwa na usingizi mpaka wakafa. Yule Msukuma mwenye ng'ombe alipokataa kuwapeleka bondeni, si alionywa mkutanoni kwamba ni mbinafsi? Alikuwa ameona mbung'o wanavyoua ng'ombe." Akamgeuza yule mdudu mwangani. "Na huyu anachopenda ni kivuli. Kivuli, na nguo nyeusi."

Tukaitazama kaniki ya Leokadia. Nikaitazama yangu. Senge akaitazama yake.

Umeelewa, mwanangu? Tulikuwa tumevishwa nguo anayoipenda, tukapelekwa nyumbani kwake, kwa amri, mbio mbio, tukimkimbia adui ambaye hakuja hata siku moja.

Siku ya mkutano nilisimama. Nilikuwa na adabu za bweni mimi, usinione hivi. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, shikamoo. Naomba, kama itakupendeza, kutoa oni dogo kuhusu hali ya wadudu katika eneo letu la kujificha."

"Marahaba. Wadudu?"

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. Huenda kuna mbung'o."

"Huenda?" Akawageukia watu. "Jamani, Mama Faustini mumewe yuko mbele anapigana na nduli. Yeye huku nyuma anapigana na nzi."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mpeni bunduki!" Senge alipoinuka kusema, akaambiwa muda wa wazee umekwisha. Nikakaa.

Tulirudi nyumbani. Tulipoingia Mtaa wa Zahanati, Senge akanigeukia.

"Huenda," akasema.

Nikaendelea kutembea.

"Ulimwona, au hukumwona?"

"Nilimwona, Senge."

"Alikuwa kwenye vidole vyangu, au hakuwapo?"

"Alikuwapo."

"Sasa hiyo huenda imetoka wapi? Jambo la kufa na kupona umelitia kwenye kisahani kama maandazi ya wageni, ukawaachia wachague. Basi wamechagua kutokula."

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba ile ni adabu, na ni yeye aliyenifunza.

"Adabu ni shikamoo," akasema. "Ulishaitoa, naye akaitikia. Baada ya hapo ulitakiwa useme."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Watu wa mtaa huu wanasema Mama Faustini ana mdomo. Ninao. Nilipewa jioni ile.

Ringi ilipogongwa mara iliyofuata, Senge hakukimbia. Aliingia ndani akatoka amevaa gauni lake jeupe la kanisani, akatandika mkeka katikati ya mtaa, kweupe kabisa, akatuita mimi, Leokadia na wewe tukae. Deusi, mgambo wa zamu, akaja mbio na rungu.

"Bibi, shikamoo, unafanya nini? Ndege itakuona!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Inione. Ikamsalimie nduli."

"Bibi, ni amri!"

"Nipige basi, uniburute bondeni. Ila uvue hiyo kaptura nyeusi kwanza, mbung'o wanaipenda."

Deusi alimtazama Senge, akaitazama kaptura, akaondoka zake. Watu wa nyumba ya jirani nao wakatoka na mkeka. Jioni hiyo tuliona tumeshinda. Leokadia alikuwa ameegemea bega langu. Nikahisi joto lake kupitia nguo.

Ilianza hivyo, kwa homa na kichwa. Tukampa dawa za malaria, homa ikashuka, ikarudi. Shingo ikaota matezi. Kisha akaanza kulala. Alilala anamenya ndizi, kisu mkononi. Alilala amesimama kwenye shamba la kijiji, ameegemea jembe. Kiongozi wa kikundi akamwita kupe, ndilo lililokuwa neno la siasa wakati ule kwa mtu anayenyonya jasho la wenzake. Wakammwagia ndoo ya maji mbele ya watu wote. Leokadia akafumbua macho, akacheka kidogo, kwa mazoea tu, akalala tena pale pale kwenye tope. Nao wakasema, mnaona? Anatudhihaki.

Siandiki haya kwa utulivu, mwanangu. Kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Kwa siku hizo hizo Senge alikuwa anakuogesha, akaona jipu pajani mwako, jekundu, gumu, lisilo na usaha. Hakupiga kelele. Alikufunga kwenye shuka jeupe, akaenda kwa mwenyekiti kuomba lori la kijiji litupeleke hospitali. Akajibiwa kwamba mafuta ni ya vita, na kwamba lori la wananchi halibebi wavivu. Katekista wa kanisani kwetu akatoa baiskeli yake. Tulimfunga Leokadia kwa khanga mgongoni kwa katekista asianguke, Senge akishikilia nyuma, na mimi nikitembea kando nawe. Njia nzima nilikuwa nakufinya ili ulie. Ukilia, ujue hujalala.

Hospitali walitoa damu, wakatoa na maji ya uti wa mgongo. Daktari alituita mimi na Senge, akatuambia bila kuzunguka, na namshukuru kwa hilo. Kwako ugonjwa ulikuwa bado kwenye damu, ungetibika. Kwa Leokadia ulikuwa umeshaingia kichwani. Wangejaribu, lakini alikuwa amecheleweshwa.

Wewe ulichomwa sindano, ukalia wodi nzima ikakuchoka, ukapona. Lile kovu la pajani unaloniuliza kila siku, nami nikakudanganya kwamba ulianguka kwenye kijinga cha moto, ni la mbung'o. Leokadia sindano zilimuunguza mishipa. Aliamka vizuri mara moja tu, asubuhi, akanitazama kama mtu aliyetoka safari. Akaniuliza, "Yule wa kwenye uzio wa mwenyekiti bado anasali?" Nikamwambia bado. Akatabasamu, akageukia ukutani, na hakuniuliza kitu kingine tena. Tulimzika kule kule, kwa sababu hapakuwa na gari la kumrudisha.

Tuliporudi, wapimaji wa malale walikuwa wameshafika kijijini, na wagonjwa wengine wakapatikana. Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti akasimama, akasafisha koo, akasema, "Kama nilivyowaeleza tangu mwanzo, ndugu zangu, kichaka kile si salama."

Na watu wakapiga makofi.

Nikasimama. Shikamoo nilitoa, maana Senge alikuwa amenionyesha mpaka wake. Akaitikia. Kisha nikasema. "Leokadia hakuwa kupe. Alikuwa mgonjwa, nanyi mlimmwagia maji. Habari za mbung'o tulikueleza, ukafanya mzaha. Tuliomba lori, ukatunyima. Hukutueleza tangu mwanzo. Tangu mwanzo ulikataa." Hakuna aliyepiga makofi. Deusi akanishika mkono kunitoa nje, lakini alinishika kama mtu anayemsaidia mjamzito, wala hakunivuta. Mwenyekiti hakuomba radhi siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka alipohama. Baba yako aliporudi kutoka vitani, mtu wa kwanza kumuulizia alikuwa Leokadia, kwa sababu alikuwa amemletea kioo kidogo cha mkononi. Kioo hicho ndicho unachochezea na jua.

Sasa nikurudishe kwa Mama Sospeter. Siku ile ya mkutano alikuwapo. Alikuwa binti wa rika la Leokadia, walichanja kuni pamoja, walilala kichakani pamoja. Aliinamisha macho nilipokuwa nasema. Kwa hiyo usidhani alikuzaba kofi kwa ujinga. Amewahi kuona usingizi ule kwa macho yake. Ulipomwambia, alisikia vizuri sana, na mkono wake ukaruka kabla ya akili, kama mtu anayempiga mletaji wa habari za msiba. Simtetei. Kofi lile bado ninalo moyoni. Nakueleza tu lilitoka wapi, ili usifikiri ulikosea.

Na leo mchana, ulipokuwa shuleni, amekuja. Kaniki ameiacha kwake, mtoto amembeba kwa shuka jeupe. Hakuomba radhi, nami sikumkaribisha kiti. Tumesimama mlangoni kama kuku wawili. Kisha akasema, "Mwite Faustini aangalie."

"Yuko shule. Nitaangalia mimi."

Tumemfungua mtoto juani. Nyuma ya goti kuna jipu, jekundu, gumu, lisilo na usaha. Si la yule mbung'o uliyemwona jana. Ni la mwingine, wa siku zilizopita, ambaye hakuna aliyemwona. Bila wewe hakuna ambaye angemchunguza mtoto nyuma ya goti kwa siku nyingi bado. Homa anayo tangu Jumapili, na walikuwa wakimpa dawa za malaria.

Basi linapita kesho alfajiri. Tunakwenda mimi, Mama Sospeter na mtoto wake. Senge, ingawa siku hizi haoni mbali, atabaki nawe. Kama tumewahi au tumechelewa, sijui. Sitakudanganya tena kama nilivyokudanganya juu ya kovu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kutembea kwako mitaani ukitazama majani na kuta, usikuache. Watu watakucheka, watasema mtoto wa Domitila anachunga wadudu. Waache wacheke. Pori limerudi mpaka kwenye nyumba za mwisho, na anayelitazama kila siku katika kijiji hiki sasa ni wewe. Ukiona kitu, kitazame mpaka uwe na hakika. Ukishakuwa na hakika, msalimu mkubwa, umpe heshima yake yote, halafu umwambie ulichokiona kwa jina lake. Usiseme huenda. Usimtilie sukari ili akupende. Akikupiga, uje unieleze, nasi tutarudi mlangoni kwake wawili. Na siku utakapokuwa mkubwa, mtoto wa mtu akikushika nguo kukuonyesha kitu kidogo kimetulia, uiname. Usimuulize ni mtoto wa nani. Uiname utazame.

Mungu aliyekuacha kwangu akulindie macho hayo. Akupe sauti isiyotetemeka, na shavu gumu kidogo. Ukalale kwa kuchoka na mchezo, uamke wewe mwenyewe kila asubuhi bila kufinywa. Na kovu hilo la pajani mwako, liwe la mwisho katika mtaa huu.